Breki Zinazonuka

3 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Na Mama nampa shikamoo yake peke yake, usimchanganyie na ya kwako, maana akisikia nimemsalimia kwa kupitia mgongo wa mtu atanuna mpaka jioni. Goti lake linaendeleaje? Na binti yako Cheche, bado anamaliza viatu kwa kuruka kuta za watu? Mwambie mama yake mdogo anamsalimia na anamwonea wivu kwa miguu ile.

Huku tu wazima. Panzi ana mafua, na anayalea kama mtoto mchanga. Tangu Mama alipomchukua kwa marehemu mama mdogo tukawa tunakula naye sahani moja, sijamwona yule ndugu yetu akiumwa kimyakimya. Lakini akipanda baiskeli mafua yanamwogopa.

Mabomba ya sindano uliyonitumia kutoka duka lenu la dawa yamefika. Umeniuliza fundi wa baiskeli anataka kumchoma nani. Nakueleza, ili usiniwazie mabaya. Baiskeli zetu hizi za kurukia hazina kiti. Panzi hasafiri nayo, anaruka nayo: kutoka pipa hadi pipa, kutoka kreti hadi ubavu wa lori, amesimama kwa gurudumu la nyuma. Anapotua, gurudumu lile linatakiwa lisimame kama limepigiliwa msumari. Likiteleza hata kidogo, yeye ndiye anayelipia kwa mifupa. Breki zake ni za mafuta. Ukiminya mkono wa breki, mafuta yanapita kwenye mpira mwembamba, yanasukuma vipistoni, navyo vinabana pedi mbili kwenye sahani ya chuma iliyo katikati ya gurudumu. Ndani mle hakutakiwi hewa wala uchafu. Ndiyo maana ya sindano: nasukuma mafuta mapya kutoka chini mpaka hewa yote itoke juu.

Sasa sikia. Juzi breki ya nyuma ya Panzi ilianza kulia kama nguruwe anayechinjwa. Nikaifungua. Dada, nimefanya kazi hii miaka, nimeshika grisi, nimeshika panya aliyefia kwenye mpira wa ndani, sijawahi kutapika. Jana nilitoka nje ya ghala nikatapika kwenye mtaro. Yaliyotoka mle hayakuwa mafuta ya breki. Yalikuwa uji wa kahawia, unavutika kama makamasi, una chembe nyeusi za unga ulioungua, na unanuka samaki aliyekaangwa wiki iliyopita. Mafuta ya kukaangia! Yametumika, yamechakaa, kisha yakamiminwa kwenye breki ya mtu anayeruka juu kuliko paa la kibanda.

Wenye funguo za ghala ni wawili, mimi na mume wako. Na mwenye banda la kukaanga viazi na samaki pale tunapoonyesha michezo unamjua: ni huyo huyo mume wako. Nilipomuuliza alicheka akanipiga begani. "Fundi, mafuta ni mafuta. Yalikuwa yamepungua, nikajazia." Bega lile nimeliosha mara mbili.

Kwenu dukani kuna yale mafuta meupe ya maji, yasiyo na rangi wala harufu. Nitumie chupa kadhaa nijaribu. Yametokana na mafuta ya ardhini, si ya mimea, na nadhani raba za ndani zitayapenda.

Mdogo wako


27 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama amepokea shikamoo yake, akauliza kwa nini imekuja imechelewa. Goti linamsumbua asubuhi, jioni anasahau kwamba linamsumbua. Bomba la jikoni bado linadondoka. Fundi alikuja, akaliangalia, akanywa chai, akaenda.

Nakutumia chupa sita. Ujue tu kwamba hapa dukani hayo mafuta tunawauzia watu waliofunga choo. Mwenye duka aliponiona nafunga chupa sita kwenye boksi moja alinitazama kwa huruma sana. "Ni ya mdogo wangu," nikamwambia. Akasema, "Pole yake. Mwambie ale mapapai." Sikumweleza zaidi. Breki zako zikianza kukimbilia msalani usinilaumu.

Cheche amemaliza mitihani. Sasa anataka kujiunga na kundi la baba yake. Amejitengenezea mnara wa matofali nyuma ya nyumba, na kile kibaiskeli cha zamani alichoachiwa na Panzi. Anaruka vizuri, siwezi kusema uongo. Namtazama kupitia dirisha la jikoni, huku nikijifanya naosha vyombo.

Kuhusu hilo jingine, yule ni shemeji yako, na ni baba wa Cheche. Usilibebe kila mahali.

Na usinipigie simu. Simu yangu huku ina masikio mawili, na la pili ni la mume wangu. Andika, tena andika kwa anwani ya duka, siyo ya nyumbani.

Dada yako


22 Machi

Dada yangu,

Shikamoo, na ya Mama iko hapa, nimeitanguliza mbele isije ikachelewa. Mwambie mwenye duka nimekula mapapai.

Leo nina furaha kidogo, kwa hiyo vumilia niseme ya kazi.

Nilisafisha breki zote za kundi. Kila pistoni niliitoa, nikaiosha kwa spiriti, nikaifuta kwa kitambaa cheupe mpaka kikabaki cheupe. Uchafu ule umekomaa kama gundi. Sehemu nyingine niliukwangua kwa ukucha, na ukucha ukanuka siku mbili. Pedi zilizolowa nilijaribu kuziokoa. Nilizichoma juu ya jiko mafuta yatoke. Yalitoka moshi, Dada, moshi wa jikoni la shetani, mpaka mshonaji wa jirani akaja kuuliza tumepika nini kikaungua. Hazikufaa. Pedi ikishanywa mafuta imeshaharibika tabia. Nimetupa zote.

Kisha nikaanza majaribio. Kwanza nilitia maji ya betri, yale yasiyo na chumvi. Kuna watu wanasifia maji kwa baiskeli hizi, kwa kuwa hazikimbii, breki haipati moto. Na kweli, mkono ulikuwa mwepesi. Panzi alisema, "Fundi, breki inanisikia kabla sijawaza!" Lakini nilipofungua baada ya muda, springi ndogo ya ndani ilikuwa imeanza kutu. Nikamwaga. Nikatia mafuta yako ya wagonjwa wa choo. Asubuhi kukiwa na baridi yanakuwa mazito kidogo, yakishasukumwa mara mbili tatu yanalainika. Hayanuki, hayatoi povu, raba hazijalalamika. Nikaikwaruza sahani kwa msasa, nikaweka pedi mpya, nikampa Panzi azikalishe kwa kwenda na kusimama, kwenda na kusimama, uwanja mzima. Alipopanda kwenye kreti la juu akasimama kwa gurudumu moja, akaachia mkono mmoja, akajikuna pua. Gurudumu halikutikisika. Nilikaa chini nikamtazama tu. Kazi safi ni kitu kizuri kukitazama.

Kitu kimoja kinanikera. Mpira wa mafuta wa breki yake ya nyuma una ufa pale unapoingia kwenye mkono wa breki. Unavuja jasho. Nimeagiza mwingine mjini. Mpaka ufike, baiskeli hiyo haitoki. Nimeiandika kwa chaki kwenye fremu, herufi kubwa: ISIPANDWE. Bosi (hata mimi siku hizi namwita Bosi, neno shemeji linanikwama kooni) ameisoma mbele yangu, akasema, "Tuna onyesho Jumamosi." Nikamwambia, "Na tuna ufa leo." Akaondoka anapiga mluzi.

Kesho nakwenda mjini kuufuata mpira wenyewe.

Mdogo wako


15 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Hapa hatuna mapya makubwa. Panzi alianguka kidogo kwenye onyesho. Yuko hospitali wamwangalie. Usimwambie Mama kwanza. Nitakuandikia vizuri.

Niandikie.

Mdogo wako


28 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Sijui kama hizi barua unazipata au unazifungia vitumbua. Nimekuandikia Aprili, hukujibu. Nikasema labda goti la Mama, labda kazi. Sasa nimechoka kukutafutia visingizio.

Nilikuandikia kwamba ameanguka kidogo. Ameanguka sana. Sikutaka uisome hiyo habari umesimama nyuma ya kaunta. Nilikuwa mjini nafuata mpira. Bosi aliingia ghalani, akafunga ule ufa kwa ukanda wa raba iliyokatwa kwenye tyubu, akajazia mafuta kutoka kwenye karai la viazi, akafuta chaki yangu kwa mkono wake. Kisha akamwambia Panzi, "Fundi amemaliza, ipo tayari." Na Panzi aliamini, kwa sababu alitaja jina langu.

Aliruka kutoka kwenye lori. Mwenzake aliyekuwa chini ananiambia alisikia breki ikilia mara moja, kisha ikanyamaza, gurudumu likaenda lenyewe. Panzi alitangulia uso kwenye ukingo wa pipa la chuma. Taya limevunjika pande mbili. Wamemfunga meno kwa waya, anakula kwa mrija. Yule mtu wa kulalamika mafua sasa hata kulalamika hawezi. Ananiandikia kwa kidole kwenye shuka.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja kwenye baiskeli kabla ya kwenda hospitali. Nisamehe, lakini nilihitaji kujua. Ukanda ulikuwa umelowa. Mafuta yametiririka mpaka kwenye sahani, pedi zimelowa tepetepe, na ile harufu, Dada. Ile ile.

Unajua Bosi alisema nini mbele ya kundi zima? "Fundi wetu alisahau kukaza boliti. Wanawake wana mambo mengi kichwani." Nikamwambia aje anuse mkono wangu. Hakuja. Akaniambia nikabidhi funguo. Kwa hiyo siko tena ghalani. Nimepanga kachumba karibu na hospitali, naziba pancha za watu wanaokwenda sokoni, na jioni namnywesha Panzi uji.

Lakini bado sijakuambia lililonichafua roho kuliko yote. Wiki iliyopita Bosi alikuja wodini na mpiga picha. Amevaa fulana mpya ya kundi, ana matunda kwenye kapu. Matunda, kwa mtu aliyefungwa meno! Akamkumbatia Panzi, akatabasamu, picha zikapigwa, kisha akaondoka na kapu lake. Ndiyo, Dada, aliondoka nalo. Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka mpaka akashika kidonda. Mimi sikuweza kucheka. Nilifungua dirisha.

Huyo ndiye unayelala naye. Nimesema. Nikirudi nyumbani nipige makofi ukitaka, wewe ni mkubwa wangu, lakini nimesema.

Mdogo wako


20 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Sitakupiga makofi.

Barua yako ya Aprili sikuiona kwa macho. Hii ya Mei nimeipata kwa kuwa siku hiyo nilifungua duka mwenyewe na mtu wa posta akanikabidhi mkononi. Nilipomuuliza mwenye duka, akasema ile ya nyuma alimpa mume wangu alipopita kunisalimia. "Nilidhani namrahisishia kazi," akasema. Maskini, alidhani anafanya wema. Kuanzia sasa andika kwa mama muuza magazeti wa mbele ya duka. Yeye hapendi wanaume wa mtu yeyote.

Mama anaendelea vizuri. Bomba la jikoni limeacha kudondoka lenyewe, bila kuombwa. Mvua zimekuwa haba.

Mume wangu yupo nyumbani tangu mwanzoni mwa mwezi. Amekuja na kundi lote, baiskeli ziko kwenye banda la nyuma. Alimweleza Mama kwamba Panzi alikuwa amekunywa, na kwamba wewe ulisahau boliti kisha ukakimbia kwa aibu. Mama alilia sana. Aliuliza, "Yule mtoto ameanza lini kunywa?" Mume wangu akasema vijana siku hizi hawatabiriki. Mama hakuuliza tena, lakini tangu siku hiyo haketi naye meza moja. Anasema goti linamtaka akae karibu na mlango.

Kuna onyesho hapa kwetu mwishoni mwa Julai, uwanja wa shule. Mabango yameshabandikwa. Lenye picha ya Panzi hospitalini limeandikwa TUNAINUKA TENA. Nimeliona limebandikwa kwenye ukuta wa duka letu, nauza dawa chini yake.

Badala ya Panzi ataruka Cheche. Ana furaha mpaka hali chakula. Baba yake anamwambia breki ni mpya.

Naomba unieleze jambo moja. Mtu asiye fundi, akisimama mbele ya baiskeli yenu, anajuaje kama breki ni nzima?

Dada yako


1 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Sitauliza kwa nini umeuliza.

Minya mkono wa breki kwa kidole kimoja. Breki nzima inagoma njiani, mbali na usukani, ngumu kama umeminya jiwe. Ikiwa laini kama sifongo, kuna hewa. Shikilia hapo ukihesabu taratibu. Mkono ukiendelea kuzama wenyewe mpaka ukagusa usukani, kuna mahali panavuja. Kisha chukua kitambaa cheupe, futa pale chini penye pistoni, na pale mpira unapoingia kwenye mkono wa breki. Mafuta yako ya dukani hayana rangi na hayana harufu. Kitambaa kikitoka na rangi ya chai, kinuse. Pua haihitaji cheti cha ufundi.

Kisha inua gurudumu la nyuma, minya, na ujaribu kulizungusha kwa nguvu zako zote. Likizunguka hata kwa kugoma, basi breki hiyo ni mbovu.

Usimpandishe Cheche, Dada. Mfiche viatu. Mvunjie baiskeli. Mwambie anichukie mimi.

Panzi ametolewa waya. Bado anasema kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Neno lake la kwanza lilikuwa "nyama." Nilimponda-pondea kwa uma, akala akitoa machozi.

Mdogo wako


30 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Kaa chini usome.

Sikumficha Cheche viatu. Ni mtu mzima, angepanda peku. Nilijaribu kuzungumza naye, akasema, "Mama, unanionea wivu." Nikaona maneno yamefika mwisho. Na lile banda la nyuma, tangu siku ile nilipokuuliza, mume wangu alilitia kufuli. Nikangoja uwanjani.

Jumamosi uwanja ulijaa. Walikuwa wamepanga makreti na mapipa, na mwisho kabisa lori, kama wewe ulivyonieleza. Mama nilimweka kiti cha mbele. Mimi nilitoka dukani moja kwa moja, sikuvua koti langu jeupe la kazi. Mshereheshaji alipomtangaza Cheche, na watu wakaanza kupiga makofi, niliingia katikati ya uwanja. Watu walidhani ni sehemu ya mchezo, muuguzi wa kuchekesha. Wakashangilia.

Baiskeli ilikuwa imeegemezwa kwenye kreti la kwanza. Nikaminya mkono wa breki kwa kidole kimoja. Mdogo wangu, ulizama kama kijiko kwenye uji. Nikachukua pindo la koti langu, nikafuta pale chini. Lilitoka la kahawia. Nikalinusa mbele ya uwanja mzima.

Wewe uliandika harufu ya samaki. Mimi nilinusa jikoni kwangu. Nilinusa mashati yake ninayofua, mto anaolalia, kila kitu alichogusa mtu yule miaka yote hii, na mimi nasugua na kusema ni harufu ya kazi. Nilidhani nitalia. Badala yake nilisikia kinyaa kikipanda kutoka unyayoni mpaka kwenye nywele, na kilipofika juu nikawa nimetulia kabisa.

Alikuja mbio akitabasamu kwa ajili ya watu. "Mke wangu, unafanya nini? Unatuchelewesha."

"Breki ziko tayari?"

"Ziko tayari. Nimezikagua mwenyewe."

"Una uhakika?"

"Kama ninavyokuona wewe."

"Basi panda wewe kwanza," nikasema.

Akacheka. Nikarudia kwa sauti, mpaka watu wa nyuma wasikie. "Wewe ndiye uliyeanzisha kundi. Kila siku unasimulia hapa mtaani ulivyokuwa unaruka malori. Panda. Ruka kutoka kwenye lori hilo. Ukitua, binti yangu anafuata, na mimi nitapiga makofi."

Mshereheshaji, mjinga wa watu, akaona ni kitu kizuri. Akapaza sauti kwenye kipaza: "Bosi mwenyewe!" Uwanja mzima ukalipuka: "Panda! Panda! Panda!" Alishika usukani. Nilimtazama mkono. Aliminya breki mara moja, ikazama. Akaminya tena. Jasho likamtoka pale juu ya mdomo. Kofia ya chuma alikuwa ameshaishika kwa mkono wa pili. Watu bado wanaimba. Na mimi, Mungu anisamehe, nilitamani apande.

Akaiweka baiskeli chini. "Leo mgongo unanisumbua," akasema.

Hapo Mama akajibu kutoka kitini kwake, sauti ile ile ya kutuita tukale: "Mgongo? Asubuhi si umebeba spika mbili peke yako?"

Watu walicheka, lakini si wote. Wale wapandaji wawili waliobaki hawakucheka. Walitazamana, wakavua kofia zao wakaziweka juu ya kreti. Cheche alikuwa amesimama amevaa kila kitu, magoti, viwiko, kofia. Kisha akaja, akaminya mkono wa breki kwa kidole, kama nilivyofanya mimi, akauachia. "Baba," akasema, "ulikuwa unaniacha nipande hii?"

Alianza kukunja nyaya za spika, kama mtu aliyepata kazi ya haraka. Nimemjua miaka ishirini na zaidi, na jambo lililonichukiza kuliko yote ni namna alivyozikunja vizuri, duara juu ya duara, wakati mtoto wake anangoja jibu.

Hajarudi nyumbani. Nimesikia yuko kwa kaka yake na anatuma watu. Jana walikuja wazee wawili wa kwao, wanasema yaishe, nyumba ni kuvumiliana. Niliwakaribisha chai. Mama akawaletea sukari, na pamoja na sukari akawaletea lile koti langu ambalo sijalifua, akaliweka mezani katikati ya vikombe. "Nuseni kwanza," akasema, "halafu tuzungumze uvumilivu." Hawakumaliza chai.

Cheche hajanisemesha vizuri bado. Amebomoa mnara wake wa matofali. Jana alinikuta nje akakaa karibu yangu. Anakuulizia wewe. Anataka kujua breki inafunguliwaje.

Sijui kesho ikoje. Mama anasema tutahamia chumba cha nyuma ya duka, kwamba ni kidogo lakini kina dirisha. Mwenye duka amekubali kabla sijamaliza kuomba. Nadhani bado anajilaumu kwa ile barua.

Mwambie Panzi kwamba Mama anajua hakuwa amekunywa.

Dada yako


17 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo. Ya Mama mpe kwa mikono miwili, na mwambie sijawahi kuona mtu anayeandaa meza kama yeye.

Mtume Cheche wakati wowote. Nitampa breki mbovu kuliko zote nilizonazo aifungue mwenyewe, mpaka achukie uchafu kama ninavyouchukia mimi. Akitaka kuruka baadaye, atakuwa anajua anaruka na nini.

Watu wa Bosi wamenifikia na mimi. Wanataka niseme ilikuwa ajali tu, halafu nirudishiwe funguo. Nimewaambia nina kazi. Na kweli ninayo: watu wa soko wana pancha nyingi, na hakuna anayenipiga begani. Hasira sijaimaliza, na sitaki mtu aje kuniambia imalize.

Barua yako niliisoma juzi kwa sauti, Panzi akiwa amelala chali kwenye kitanda changu, mto chini ya shingo. Sasa anaongea vizuri zaidi, ila upande mmoja wa mdomo unabaki nyuma kidogo. Nilisoma ya uwanjani, ya koti, ya "panda wewe kwanza." Nilipofika kwa Mama na mgongo, alicheka, taya likamuuma, akalishika kwa mikono yote miwili huku akicheka bado, kisha ikawa si kicheko tena. Nikaacha kusoma. Nilifikiri anataka nimwache peke yake, nikainuka.

Akanishika kiwiko. Miezi yote hii hajawahi kuniuliza kama boliti niliikaza au sikuikaza. Hata juzi hakuuliza. Alijifuta uso kwa shuka, akasema polepole, neno moja moja:

"Rudia pale alipoiweka baiskeli chini."

Mdogo wako